Radhi za Kutunga

Simu ya Mwishehe ilimkuta Hajira akianika nguo nyuma ya nyumba yao, Kibaha. Alipoikata, hakukumbuka tena kama shuka aliloshika limeshasuuzwa au bado.

"Mdogo wangu," kaka yake alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Jumapili, binti yangu Raudha akishaozwa, kabla watu hawajala, nataka shemeji asimame aseme yale maneno uliyoniletea. Alinikosea mbele za watu, basi na radhi aiombe mbele za watu. Tuyamalize."

"Sawa, kaka," Hajira alijibu. Angejibu nini?

Shida ni kwamba Zubeir, mumewe, hakuwahi kuyasema maneno hayo. Aliyatunga Hajira mwenyewe, akiwa anachambua mchele, na alipoona yamependeza akayapeleka.

Ugomvi wenyewe ulianzia kaburini. Baba yao, Mzee Pazi, alifariki mwaka jana kule Chole, Kisarawe. Siku ya mazishi Zubeir, Mnyamwezi wa Tabora, akakumbuka kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na kwamba mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko. Akasahau kwamba pale ameoa. Aliruka ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, akajilaza chali na kanzu yake nyeupe, akatangaza kwamba Mzaramo hazikwi mpaka yeye aletewe jogoo. Watu walicheka, hata wazee. Mwishehe hakucheka. "Mtani ni mtani, mkwe ni mkwe," alisema, akamkamata ukosi na kumvuta nje kama mtu anayetoa mbuzi kwenye shamba la mihogo. Kanzu ikachanika hadi kifuani.

Basi mmoja akaona amedhalilishiwa baba yake, na mwingine akaona amedhalilishwa yeye, na kila mmoja akakaa kungoja mwenzake aombe radhi. Wangengoja mpaka wazeeke, maana Mungu alipokuwa anagawa ukaidi wote wawili walipanga foleni mara mbili. Lakini katikati yao alikuwapo Hajira, na Hajira hawezi kuona watu wamenuniana. Tangu utotoni, mtu akiweka sahani mezani kwa kishindo, yeye ndiye huomba radhi.

Akamwambia mumewe: "Kaka anasema ule ulikuwa uchungu wa msiba, umsamehe." Akampigia kaka yake: "Shemeji yako anasema shetani alimpitia, anakuomba radhi." Wote wawili wakalainika. Korosho zikaja kutoka Chole, mchele ukaenda, na kila salamu iliyopita mikononi mwa Hajira ilifika imekolezwa sukari. Alijisifu kimoyomoyo kwamba ameokoa familia. Sasa alijua kwamba Jumapili itafika, wanaume hao wawili watakaa jamvi moja, na hakutakuwa na mtu wa katikati.

Siku ya safari alipanga kumwambia Zubeir kabla ya Mlandizi. Walipofika Mlandizi alisema atamwambia wakikata kuingia barabara ya vumbi ya Mzenga. Zubeir aliendesha kigari chao kwa furaha, mkono mmoja nje ya dirisha.

"Kaka yako muungwana sana," alisema. "Mtu mzima kuomba radhi si mchezo."

"Baba Sada," Hajira alianza.

"Naam."

"Punguza mwendo, kuna mashimo."

Huo ndio ujasiri aliokuwa nao. Mpaka Chole hakusema kingine.

Raudha aliozwa salama. Wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake upande wa jikoni, na Hajira alisimama na wifi yake, Fadhila, akipakua pilau kwenye masinia. Alikuwa akichungulia turubai zaidi kuliko sufuria. Akamwona Mwishehe anasimama.

"Jamani," Mwishehe alisema, "kabla hatujala, shemeji yangu Zubeir ana neno."

Zubeir alisimama akitabasamu, akarekebisha kofia. "Neno langu ni fupi," alisema. "Yaliyotokea mazishini kila mtu aliyaona. Mimi sina kinyongo. Shemeji aliniomba radhi, nami nilimsamehe siku ileile."

Macho yote yakamwendea Mwishehe.

"Nani alikuomba radhi?" Mwishehe aliuliza.

"Si wewe?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeniomba mimi! Umesema shetani alikupitia!"

"Shetani gani? Mimi nimesema?"

Kisha wote wawili wakageuka kuangalia upande wa jikoni, na watu wote wakageuka nao.

Hajira alisimama na upawa mkononi. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, umeshapikwa: kwamba simu ilikuwa inakatikakatika, kwamba hakusikia vizuri. Aliutazama uso wa mumewe, akajua kwamba ataukubali, na akajua kwamba kesho atahitaji mwingine wa kuufunika huu. Akachoka. Alichoka ghafla, mwili mzima, kama mtu aliyetuliwa mzigo baada ya kuuzoea.

"Hakuna aliyeomba," alisema. "Nilitunga mimi. Zote mbili."

Fadhila aliguna, "Mama yangu!" Mwishehe alimwangalia Zubeir kwa mshangao. "Kwa hiyo wewe hukuomba kabisa?"

"Niombe nini? Na wewe je?"

"Thubutu!"

Mzee mmoja alianza kucheka, wengine wakamfuata, na mwishowe hata hao wawili midomo ikawacheza. Sheikh akasema chakula kinapoa. Zubeir na Mwishehe walikula sinia moja, wakibishana hadharani juu ya kaburi na kanzu, tonge kwa tonge, mpaka sauti zikashuka zenyewe. Walipatana, tena bila radhi ya mtu. Ila hakuna kati yao aliyemtazama Hajira mpaka jua lilipoinama na wageni wakaanza kuaga.

Njiani kurudi Zubeir hakutoa mkono dirishani. Walikuwa wameshaipita Mzenga alipofungua mdomo.

"Na mama?" aliuliza. "Ile radhi ya mama. Nayo uliitunga?"

Miaka mitatu nyuma mama yake Zubeir alikuwa ameletwa Kibaha kutibiwa, na alifia hospitali mchana, mwanawe yuko kazini Dar. Mama na mwana walikuwa wamekoseana tangu Zubeir alipokataa kurudi kuishi Tabora. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Hajira peke yake, na jioni alimletea mumewe maneno: mama amekuridhia duniani na akhera, Mungu akufungulie kila mlango. Zubeir aliyalilia. Mpaka leo huyarudia akimwombea.

Angeweza kuapa kwamba ni hayohayo. Aliyajua kwa moyo.

"Hakusema hivyo," alisema. "Alisema, 'Mwambie yule mbishi sina neno naye. Na aache kula amesimama.' Akageukia ukutani. Nikaona ni machache, nikakuongezea."

Zubeir alisogeza gari pembeni, akazima injini. Mabega yalianza kumtikisika, na Hajira hakujua kama mumewe anacheka au analia.

"Aache kula amesimama," Zubeir alirudia taratibu, kwa sauti ya mama yake kabisa. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Huyo ndiye mama. Yale mengine nilikuwa nashangaa, nasema labda kifo humbadilisha mtu."

"Nisamehe, baba Sada."

"Miaka mitatu," Zubeir alisema, "umekaa na mama yangu wa kweli peke yako."

Walikaa pale, milango imefungwa, vumbi la gari lililowapita likitua kwenye kioo.