Majani Yaliyoachwa Barabarani

Uliyaona. Usiniambie hukuyaona. Ulikuwa umekaa dirishani, au umeshika usukani mwenyewe, ukayapita yale matawi yaliyolazwa barabarani kuonya kwamba mbele kuna gari bovu. Mbele hakukuwa na gari. Aliyeyakata alishatengeneza lake akaenda zake. Ukayakwepa kidogo, ukageuzia uso kwenye mashamba ya watu, safari ikaendelea. Basi leo geuka huku.

Benedicta ni mtoto wa dada yangu. Baba yake, Yotamu, aliuawa na jiwe. Halikurushwa na mtu. Dereva wa lori bovu alizuia tairi lake kwa jiwe hilo, lori likapona, jiwe likabaki katikati ya lami, na Yotamu akaja na pikipiki kwenye mvua. Msibani wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nililiona lile jiwe. Lilikuwa na oili. Mungu hana gereji.

Binti nikamlea mimi. Alipopenda mbio za baiskeli sikumkataza, ila kila Jumapili baada ya misa ya kwanza nilitoa baiskeli yangu ya Foneksi nikawa namfuata. Mzunguko wetu ni huo huo: tunatoka mjini tunakwenda Kalenga, tunachepuka njia ya vumbi katikati ya mahindi na alizeti, tunatokea barabara kuu, tunashuka hadi Ipogolo, halafu tunapanda kurudi mjini roho mkononi. Si mzunguko wa kumuua mtu. Barabara ingekuwa safi, hata wewe ungeumaliza.

Jumapili ile tulikuwa na Rahul, kijana wa duka la vipuri pale mjini, mwenye baiskeli ya matairi membamba kama kamba. Mpaka Kalenga ilikuwa raha. Akina mama waliokuwa wakienda kanisani walitusalimu, "Kamwene," na Rahul akawajibu kwa Kihehe chake cha dukani, wakacheka mpaka wakasimama.

Tulipotokea tu barabara kuu tukakuta matawi. Makavu, yamesagwa na matairi, na mawe matatu makubwa. Gari hakuna.

"Kumbe leo ni Jumapili ya Matawi," Rahul akasema. "Mbona Wakatoliki hamkuniambia nije na punda?"

Mimi nikashuka, nikaegesha Foneksi, nikaanza kuokota.

"Mjomba, tena?" Benedicta alikuwa ameweka mguu mmoja chini. "Wiki iliyopita uliokota, hii unaokota. Umeajiriwa na wakala wa barabara?"

"Nisubirini."

"Tukikusubiri tutapigwa na jua la mchana. Tukutane Ipogolo, tutakuagizia chai."

"Pigeni kelele mbele," nikamwambia. "Nisikie."

Hiyo ni desturi yetu. Wa mbele akiona shimo anaita "shimo", akiona jiwe anaita "jiwe", wa nyuma anajua. Nikawasikia wakiita shimo moja, la pili, kisha kilima kikawameza.

Mawe yale yalikuwa mazito. Nililiviringisha la mwisho hadi mtaroni, nikapanda baiskeli. Malori ya Tunduma yalinipita, upepo wake ukinisukuma pembeni. Nikatega sikio. Kimya. Nikajiambia wamefika mbali, vijana wale wana gia. Nikakanyaga. Kimya kile hakikunipendeza, maana mteremko ule una mashimo na kila Jumapili tunayaita kwa sauti.

Kabla ya kona ya mteremko nikayaona matawi mengine. Yamenyauka, yamepondwa, sawasawa na yale niliyotoka kuyaokota. Na juu yake mistari miwili myembamba ya matairi imepita katikati, imenyooka. Hakuna aliyegusa breki.

Mimi nilishika breki zote mbili. Foneksi ikalia. Nikaishukia kona kwa miguu, naikokota baiskeli, najua na sitaki kujua.

Lori lilikuwepo.

Limeziba upande wetu wote, utingo yuko chini ya ekseli, miguu tu inaonekana. Rahul amesimama ukingoni, hana tena mzaha. "Mjomba, yupo hai," akasema kabla sijauliza. "Alikwepea mtaroni. Kulikuwa na basi linapanda."

Benedicta alikuwa amekaa kwenye majani ya mtaro, mkono wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Baiskeli ilikuwa mita kadhaa huko, gurudumu la mbele limekunjika kama chapati. Nikapiga magoti.

"Hukuyaona majani?"

"Niliyaona, Mjomba." Midomo ilikuwa myeupe. "Nilidhani mwenye gari keshaondoka."

Dereva, mtu mzima aitwaye Masumbuko, akaja akijifuta mikono. "Mzee, mimi tangu jana jioni nimeweka majani. Sheria nimefuata."

Kweli alifuata. Ndicho kinachonikaba hadi leo. Siku pekee majani yaliposema kweli, mtoto wa Yotamu hakuyaamini, kwa sababu maisha yake yote majani yamemdanganya.

Gari la mchungaji mmoja lilitusaidia hadi hospitali. Mkono umefungwa chuma, na mbio za mwezi ujao kule Mbeya, alizokuwa akizisubiri tangu mwaka jana, atazisikia kwenye simu. Juzi nilirudi pale konani. Lori limeondoka. Majani yapo. Mawe yapo. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita kwa nini hayaondoi. "Siyo yangu, mzee," akasema, akayakwepa, kama wewe.

Siyo ya kwako pia, najua. Yaokote. Ukitengeneza gari lako, rudi nyuma kwa miguu uchukue tawi la mwisho na jiwe la mwisho. Ukiyakuta ya mwenzio, simama. Ukiwa abiria, mwambie dereva asimame, akikataa piga kelele mpaka basi zima ligeuke. Leo unapita barabara hiyo. Shuka.