Mwanamke Ambaye Hakusimama

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe nne Septemba, mwaka 1961, saa nane na dakika ishirini mchana, katika mzunguko wa mia mbili themanini na saba. Doyle Stackhouse anaijua dakika hiyo kuliko anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Ya kuzaliwa aliambiwa tu. Hii alikuwepo, mikono miwili kwenye usukani na akili zake timamu.

Mbio zilikuwa zile zile za kila mwaka, Maili Mia Tano za Bracken Hill, mizunguko mia nne, Sikukuu ya Wafanyakazi, jua la South Carolina likichoma mpaka lami inanata kiatuni. Zilianza mwaka 1951, mzee Tisdale aliponunua shamba la pamba lililochoka akalizungushia barabara. Kona ya pili aliibana kama kiwiko kwa sababu jirani alikataa kumuuzia ekari mbili za mwisho, na badala ya kuongeza bei akaongeza hatari. Hela zilikuwa zake, shingo zilikuwa za wengine. Magari yalikuwa ya kawaida, yale yale ambayo mchungaji anaendea kanisani. Ulikuja nalo kutoka nyumbani, ukafunga milango kwa mkanda wa suruali, ukaandika namba ubavuni, ukashindana. Mshindi wa mwaka wa kwanza alishinda na gari la baba mkwe wake, akalirudisha jioni limebonyea upande mzima, akasema limegongwa na ng'ombe.

Siku hizo hapakuwa na mashine ya kuhesabu mizunguko. Kila gari lilikuwa na mtu wake wa kulihesabia, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa mke wa dereva au dada yake, kwani nani mwingine angekaa saa tano juani akitazama gari moja bila malipo? Waliketi kwenye jukwaa la mbao lililoelekea saa kubwa. Gari lako likivuka mstari unatazama saa, unaandika dakika na sekunde kwenye kadi. Sheria ya kazi hiyo ilikuwa moja: usitazame mbio. Tazama namba yako, tazama saa, andika. Mwishoni kadi zote zinapanda mnarani, na wakubwa huko juu wanazisoma na kusema nani ni nani.

Verlene, mke wa Doyle, alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kutazama kitambaa kikipita mbele yake kutwa nzima na kushika uzi mmoja uliokosea kati ya maelfu. Kwake yeye gari moja lenye namba 19 ya manjano lilikuwa mchezo wa watoto. Na kwa kuwa hakuwaamini wakubwa wa aina yoyote, chini ya kadi yake aliweka karatasi ya kaboni na nakala ya pili.

Basi katika mzunguko ule, magari manne yalikumbana kwenye kona ya pili. Moshi ukafunika kila kitu. Doyle alikuwa ndani yake. Jukwaani wanawake wote walisimama, mikono midomoni, kila mmoja akitafuta wa kwake. Verlene hakusimama. Namba 19 ilipochomoka kwenye moshi huku bampa ikiburuta chini, alitazama saa akaandika.

Dakika hiyo hiyo Hoyt Gaskins, namba 38, aliingia pembeni kubadilisha tairi. Dada yake Imogene, aliyekuwa akimhesabia, naye alikuwa amesimama. Alipoketi hakujua kaka yake amepita au hajapita. Akaandika kwamba amepita, akampa mzunguko ambao hakuuzunguka. Hivyo ndivyo Doyle asemavyo, na hajawahi kusema vingine.

Mwishowe bendera ya mshindi, ya mirabaraba, ilipeperushwa kwa Gaskins. Doyle alishuka garini akiwa na uhakika kwamba alikuwa mbele yake, akadai kadi zisomwe. Wakubwa wakajifungia mnarani kwa muda wa saa tatu. Waliposhuka, mzee Tisdale alikuwa na karatasi, akaisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya nguruwe. Wahesabuji wote walisimama ajali ilipotokea. Haiwezekani mke wa dereva abaki ameketi. Kadi ya namba 19 imejazwa baadaye kwa kubahatisha, na haikubaliki.

Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Wakirudi nyumbani kwa pikapu, Doyle alimuuliza mkewe mara moja tu, "Kweli hukusimama?"

"Sikusimama."

"Nilikuwa kwenye moshi, Verlene."

"Najua ulikuwa wapi. Ulinipa kazi ya kuhesabu, nikahesabu. Kama ulikuwa umekufa, kusimama kwangu kusingekufufua. Na kama ulikuwa mzima, ungenijia juu kwa mzunguko uliopotea." Kisha akasema, "Endesha vizuri. Na hii siyo mbio."

Doyle alicheka mpaka daraja la mto. Kwake yalikwisha hapo. Kwa mji hayakwisha. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mke wa mwenye duka la mbegu alimshika Verlene mkono.

"Mama, hebu tuambie. Kweli ulikaa?"

"Nilikaa."

"Na mumeo yumo motoni?"

"Ulikuwa moshi. Ndiyo, yumo."

"Haya. Mungu hutuumba tofauti."

Neno moja tu lingemwokoa. Angesema nilisimama, kama nyinyi, mji ungemkumbatia, na Tisdale angepumua. Miaka arobaini na saba Verlene aliulizwa kwa kicheko, kwa kejeli, hata kwa huruma, na miaka arobaini na saba alijibu nilikaa. Waliokuwa wakimwita jiwe hawakumwona akimvua Doyle shati jioni ya ajali na kumpekua mbavu moja moja kama anakagua kitambaa.

Jambo moja la ajabu lilitokea. Kila mwaka, siku ya mbio, Imogene Gaskins alileta pai ya viazi vitamu, akaiacha kizingitini, akaondoka bila kubisha. Verlene aliila, akaosha sahani, akairudisha. Hawakuzungumza hata mara moja. Doyle alikuwa akisema pai si kadi, na Verlene alikuwa akijibu kwamba ina siagi ya kutosha.

Verlene alikufa mwaka 2008. Mwaka huo pai haikuja, wala mwaka uliofuata, na majira ya baridi ya mwaka 2011 Imogene naye akazikwa.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Ferris Lyles alikuja na habari. Ferris ndiye aliyekuwa fundi wa namba 19, mfupi, kiziwi wa sikio moja, na alikuja na mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Wanajenga ukuta," alisema akitema ganda. "Mawe meusi, pale langoni. Majina ya washindi wote tangu mwaka wa kwanza. Fundi wa kuchonga amefika mwaka hamsini na nane."

"Kwa hiyo sitini na moja ni wiki ijayo."

"Ndiyo maana nimekuja na karanga, kaka. Nilijua hutakula chakula cha maana leo."

"Washa pikapu yako."

"Yako ina nini?"

"Yangu ina miaka thelathini. Nataka kufika."

Uwanja sasa unaongozwa na mjukuu, Preston Tisdale. Ni kijana wa miaka arobaini mwenye meno mengi, anayekushika bega na kukuita mzee wetu. Doyle huwaogopa hao kuliko wanaofoka. Anayefoka unamwona anakuja.

"Mzee wetu Stackhouse," Preston alisema. "Heshima iliyoje. Chai baridi?"

"Sikuja kunywa. Nimekuja kuhesabu." Doyle aliweka nakala ya Verlene mezani. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya tumbaku, lakini tarakimu zilisimama wima, mistari mia nne, na ule wa mia mbili themanini na saba haukutetemeka kuliko mwingine wowote. "Babu yako hakutupa kitu maishani mwake. Masanduku ya kadi unayo."

Preston aliangalia karatasi, akaangalia saa ya mkononi, akaagiza sanduku. Lilikuja na vumbi lake. Juu yake imeandikwa 1961.

"Zihesabu," alisema Doyle.

"Mzee, hii itachukua..."

"Hesabu tu, bwana. Mimi sikusoma sana, lakini mpaka thelathini na tatu nafika."

Preston alizihesabu mezani moja moja, kama mtu anayegawa karata. Alifika thelathini na mbili. Akazirudia. Thelathini na mbili.

"Magari yaliyoanza yalikuwa mangapi?" Doyle aliuliza.

"Thelathini na matatu," alijibu Ferris, ingawa hakuulizwa. "Nilikuwepo. Moja lilikuwa la bwana mmoja wa Georgia aliyeendesha kama anatafuta choo."

"Kadi ya mke wangu ipo?"

Ilikuwepo. Imepigwa mstari mwekundu mshazari, na kila sekunde yake ililingana na nakala.

"Ya Gaskins?"

Preston alipekua tena. Vidole vyake vilikuwa vizuri, vya mtu asiyewahi kufungua nati. "Namba 38 siioni," alisema hatimaye. "Huenda ilipotea. Miaka hamsini, mzee."

"Thelathini na mbili hazikupotea. Hata ya yule wa Georgia ipo."

Halafu Preston akatabasamu kama mtu aliyeona mlango wa nyuma. Alitoka, akarudi na karatasi iliyochapwa, bado ina joto.

"Nisikilize. Sipendi mzee kama wewe aondoke mikono mitupu. Tutachonga majina mawili mwaka huo. Gaskins na Stackhouse, washindi pamoja. Ninachohitaji ni sahihi yako hapa, ili familia ya Gaskins isilalamike. Nikusomee?"

"Nasoma polepole," alisema Doyle, "lakini nasoma neno kwa neno. Babu yako alisoma haraka."

Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kukisukuma. Ferris alitafuna karanga tatu kabla kidole hakijafika chini. Karatasi ilisema kwamba yeye, Doyle Stackhouse, anakubali kuwa kadi ya namba 19 na kadi ya namba 38 zote mbili zilikuwa na makosa, kwa sababu ya taharuki ya wahesabuji wakati wa ajali.

Kidole kilirudi juu kikasimama.

"Taharuki ni nini?"

"Ni... kushtuka. Kupoteza utulivu. Ni neno la kisheria tu."

"Kwa hiyo naandika kwamba Verlene alisimama."

"Unaandika kwamba ulishinda," alisema Preston.

Ferris alivuta kiti karibu. "Kaka. Jiwe ni jiwe. Mvua haitalifuta. Una miaka sabini na minane, na goti lako moja halikunjiki tena. Weka sahihi twende tukale."

"Ferris, nani alikuwa anakaza nati za magurudumu yangu?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaniambia nati ngapi?"

"Tano."

"Kama ungekuwa umekaza tatu ukaniambia tano?"

Ferris alikuna sikio lake zima. "Ningekuwa nimeshakuzika," alisema, na akasukuma karatasi irudi upande wa pili wa meza, yeye mwenyewe, kwa mkono wenye chumvi ya karanga.

Doyle alisimama. Goti lilimchukua muda, na hakumruhusu mtu kumsaidia. "Bwana Tisdale, jina langu unaweza kuliacha. Nilishinda, najua, na gari langu lilijua, na Hoyt Gaskins alijua maana hakuniangalia usoni mpaka anakufa. Hilo halihitaji jiwe. Lakini mke wangu alikaa. Mara moja, mnarani, mlimwambia kwamba alisimama. Hamtamwambia mara ya pili, na hakika si kwa kalamu yangu."

"Unajua maana yake, mzee? Ukutani litakuwa jina moja."

"Chonga. Chonga kwa kina, ili siku mtakapolifuta mpate kazi."

Walipofika nje Ferris alisema kwamba katika maisha yake ameona watu wakishindwa mbio kwa tairi, kwa petroli, na kwa ujinga, lakini hajawahi kuona mtu akikataa ushindi akiwa amekaa kitini. Doyle akamwambia aendeshe, na hii siyo mbio.

Shamba la Doyle limepakana na barabara inayoingia uwanjani. Siku tatu kabla ya mbio aliburuta gari kuukuu, lile lile la namba 19, likiwa halina injini na kuku wametaga humo miaka kumi, akalisimamisha penye uzio. Kisha akachukua mbao za ghala, akazipiga pamoja zikawa na upana wa kitanda, akazipaka rangi ile ile ya manjano. Binti wa Ferris alimsaidia tahajia. Wakubwa walituma mtu kusema ubao ni mkubwa mno. Doyle akamwonyesha uzio, akamwonyesha hati ya shamba, akampa karanga.

Sikukuu ya Wafanyakazi foleni ilikuwa ya maili tatu, na inapofika kwa Doyle huwa haiendi. Watu elfu kwa elfu walikaa garini wamefungua vioo, wakasoma. Kisha wakafika langoni, chini ya ukuta mpya mweusi, wakamuuliza mkata tiketi, na mkata tiketi akamuuliza msimamizi, na msimamizi akapiga simu mnarani. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Rangi ikichujuka Doyle huipaka tena kila Agosti, ameketi kwenye kiti cha Verlene cha jukwaani, ambacho alikinunua walipobomoa jukwaa lile la mbao.

Ubao una mstari mmoja tu, na mpaka leo hakuna aliyeshuka mnarani kuujibu:

KADI YA NAMBA 38 YA MWAKA 1961 IKO WAPI?