Faili Lililotangulia

Wakili Delvecchio alizipanga pasipoti za Sirisha juu ya meza kama mtu anayegawa karata. Mpya upande huu, ya zamani upande ule. Akaifungua ya zamani, akageuza kurasa mbili, akasimama kwenye muhuri mmoja wa uwanja wa ndege.

"Hii tarehe mmeiona?" akauliza.

Mimi, jirani yao, nilikuwa nimekaa kando na Hasini magotini, maana nilichukuliwa kwenda kumtuliza mtoto. Nikamwona Baba Hasini, mume wa Sirisha, akitabasamu. Alikuwa ametabasamu tangu asubuhi. Miaka tisa wamesubiri zamu yao katika foleni ya kadi ya kijani, kile kibali cha kuishi nchi hii moja kwa moja, na mwezi huo wa Julai foleni ilisogea hadi kwao. Tulikuja pale kukabidhi fomu, kisha twende tukale chapati za dosa.

"Viza yetu bado ni nzima mpaka mwakani," alisema.

"Viza ni ya kubisha hodi mlangoni. Huu muhuri ndio unaosema ukae ndani mpaka lini. Mkeo aliingia akiwa na pasipoti iliyobakiza miezi saba. Ofisa akampa miezi saba hiyo hiyo. Pasipoti mlibadilisha, muhuri hamkuugusa. Ruhusa yake iliisha tarehe tisa Februari."

Tabasamu la Baba Hasini likabaki mahali pake, ila macho yalishaondoka.

"Leo ni siku ngapi?" Sirisha aliuliza taratibu.

"Mia moja sitini na moja. Kwa maombi yanayopitia mwajiri kama yenu, sheria inasamehe siku zisizozidi mia na themanini. Fomu zikipokelewa kabla ya hapo, tumepona. Zikichelewa, mumeo atapata kadi, wewe hutapata. Na ukitoka nchini baada ya hapo, unafungiwa mlango miaka mitatu."

Hakuna aliyekumbuka dosa.

Sirisha ni daktari wa meno. Kwao Vijayawada alikuwa na kiti chake cha wagonjwa na taa yake. Hapa Edison, kwa viza ya kumfuata mume, haruhusiwi kung'oa hata jino bovu la jirani. Miaka tisa amekunja nguo, amepika, amefundisha watoto wa jengo letu kupiga mswaki, akingoja kadi hiyo. Mimi naishi chini yao, nawapikia wapangaji chakula cha kubeba kazini, na kupitia dari yangu namjua kwa hatua zake. Usiku ule hatua hazikusikika kabisa.

Kesho yake nikapanda na bakuli la wali wa ukwaju. Mama Kanakamma, mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea tangu Aprili, alikuwa amekaa jikoni na panchangam yake, kile kitabu kinachosema siku ipi nzuri, saa ipi mbaya. Hafungui mtungi wa achari bila kukiuliza.

"Mwezi wa Ashadham huu," alisema, kidole kikitembea juu ya mistari. "Jambo halianzishwi. Karatasi zitoke nyumbani katikati ya Agosti."

"Mama, mwisho ni tarehe nane," mwanawe alilia.

"Nani kaiweka hiyo tarehe nane? Serikali? Na saa mbaya za Rahu, yule pepo mla jua, kaziweka nani?"

"Mama, wao hawamjui Rahu!"

"Ndiyo maana ofisi zao zinachukua miaka tisa."

Sirisha alikuwa anaosha dengu. Hakugeuka. "Baba Hasini, mwambie Mama nani alichagua siku ile ya kurudi kutoka Vijayawada mwaka jana."

Ndiyo desturi ya nyumba ile: Sirisha akiwa na hasira, anasema na mama mkwe kupitia kwa mume, hata wakiwa wamesimama hatua moja. Na alikuwa na haki ya hasira. Alitaka abaki kule wiki tatu zaidi ili apate kwanza pasipoti mpya. Mama Kanakamma akakataa. Alhamisi ile ndiyo njema, baada yake hakuna siku ya safari mwezi mzima. Wakaondoka Alhamisi, na pasipoti ya miezi saba.

"Nilichagua siku," Mama Kanakamma alijibu. "Ndege ilianguka?"

Akarudi kitabuni. Baada ya kitambo akapiga meza. "Ipo moja! Alhamisi ya tarehe thelathini. Saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili na dakika kumi."

Basi tukakimbizana na Alhamisi hiyo. Picha zikapigwa, Hasini akazitumia mbili kuchezea hospitali ya wanasesere. Daktari akawachoma sindano wote wawili, Baba Hasini akazimia kidogo, akasema ni njaa. Kila kitu kikatimia isipokuwa kimoja. Cheti cha kuzaliwa cha Sirisha, kama vya wengi wa rika lake, hakina jina. Kimeandikwa tu "wa kike." Ikabidi mama yake mzazi na mjomba wake waape mbele ya mwanasheria kule kwamba huyo wa kike ni huyu, kisha viapo viletwe kwa ndege.

Tarehe ishirini na tisa viapo vilikuwa bado vimekwama njiani. Baba Hasini alikuwa amevitafuta kwenye kompyuta mara nyingi hata kiti chake kikaanza kulia peke yake.

"Kesho faili litatoka kwa saa yake," alisema Mama Kanakamma.

"Litatokaje, Mama, na karatasi hazijafika?"

"Yada yupo." Ndiye mimi. "Tutalitanguliza."

Nikaelewa. Hata kijijini kwetu ndivyo hufanywa. Safari ikiwa na siku mbaya, unatoa mzigo wako mmoja nyumbani kwa saa nzuri, unauweka kwa jirani. Safari inahesabiwa imeshaanza. Wewe mwenyewe utaufuata siku yoyote, hata saa ya Rahu yenyewe haikugusi. Sharti moja tu: ukishatoka, mzigo haurudi ndani.

Saa moja na nusu asubuhi Mama Kanakamma alishuka ngazi mbele, nazi mkononi. Nyuma yake Sirisha na faili la buluu lililopakwa manjano ya baraka kila pembe, halafu Baba Hasini bila viatu, mswaki mdomoni. Wakaliweka faili juu ya meza yangu, kando ya beseni la unga. Nazi juu yake. Wakapanda.

Saa mbili na nusu Baba Hasini akashuka mbio.

"Yada, dada yangu, cheti cha ndoa kimo ndani. Nakihitaji."

"Kichukue."

Sauti ikatoka juu ya ngazi: "Hakirudi ndani!"

Kwa hiyo ofisi ikahamia kwangu. Siku nane walishuka na kalamu, kompyuta na mashine ya kunakili, wakajaza fomu katikati ya chapati zangu. Sirisha alitia sahihi mara ishirini na mbili. Ukurasa mmoja tuliuchapa upya kwa sababu ya samli, na kosa lilikuwa langu. Mama Kanakamma alilinda mlango asije mtu akapanda na karatasi kwa bahati mbaya. Hasini alipekuliwa mara mbili.

Viapo vilifika Alhamisi ya tarehe sita Agosti, saa saba mchana, siku ya mia moja sabini na nane. Wakili akapiga simu: "Nileteeni kabla ya saa tisa. Zikitoka leo, zinapokelewa kesho. Jumamosi hakuna wa kupokea."

Sote tukamtazama Mama Kanakamma. Alhamisi, kuanzia saa saba na nusu mpaka saa tisa, ndiyo saa ya Rahu. Hakuna mtoto katika jengo letu asiyeijua.

Sirisha alisimama na viapo kifuani. Mara ya kwanza tangu Julai alimwambia mwenyewe, uso kwa uso: "Mama, naondoka. Ukisema nisubiri, sitasubiri."

"Nani kakwambia usubiri?" Mama Kanakamma alimfokea. "Faili limo safarini tangu wiki jana! Kimbia, mwanangu! Na wewe," akamgeukia mwanawe, "vaa viatu!"

Nilibaki na nazi na mtoto. Tukaketi kwenye ngazi. Saa tisa kasoro dakika sita simu ikaita, nikasikia Sirisha akihema tu, halafu akicheka. Kesho yake, siku ya mia moja sabini na tisa, saa nne asubuhi, ikaja habari kwamba bahasha imepokelewa na kutiwa sahihi.

Tulivunja nazi jikoni kwangu. Sirisha alitafuna kipande chake polepole, akimtazama mama mkwe kama anavyotazama jino linaloficha tundu.

"Mama. Hili la kutanguliza mzigo, hata sanduku la safari linafaa?"

"Lilianzia kwa masanduku."

"Basi mwaka jana, Alhamisi ile, tungeweza kupeleka sanduku langu kwa jirani, mimi nikabaki wiki tatu nikisubiri pasipoti?"

Baba Hasini aliacha kutafuna. Mama Kanakamma akachukua kipande kingine cha nazi, akakichunguza pande zote.

"Hukuniuliza," akasema.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikakuta sanduku kubwa la kahawia limesimama nje, pembe zake zimepakwa manjano. Juu ya ngazi yuko Sirisha, mikono kiunoni, na nyuma yake Mama Kanakamma amejifunga shuka, anapiga kelele kwamba sari zake zote zimo mle.

"Ndege ya Mama ni Septemba," Sirisha aliniambia, "lakini nimekiuliza kitabu. Saa nzuri ya kuondoka ilikuwa leo. Na Yada, usisahau. Halirudi ndani."