Bei ya Bunduki ya Mzee Onias

Mume wangu Ludger na mdogo wake Delphis walirithi bunduki moja kutoka kwa baba yao, Mzee Onias Pelletier, wakaishi nayo kwa zamu kwa miaka zaidi ya thelathini. Msimu huu wa kulungu inakaa kwetu, msimu ujao inavuka barabara kwenda kwa Delphis. Hawakuwahi kuigombania, nadhani kwa sababu walikuwa na mengine ya kugombania: mpaka wa shamba la viazi, nani alimuuguza mama yao zaidi, na kama ploye, hizi chapati zetu za ngano nyeusi, hugeuzwa zikiwa kikaangoni. Hazigeuzwi. Delphis hugeuza.

Vuli hiyo, viazi vilipokwisha kuingia ghalani, Delphis alitutangazia kwamba anahamia jimbo la Konektikati, kusini, kwa binti yake. Alikuwa mjane, goti linamtesa, na binti amemwandalia chumba chenye bafu lake. Bunduki isingeweza tena kwenda kwa zamu, maana Konektikati ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Wakakubaliana Ludger abaki nayo na amlipe mdogo wake nusu ya thamani yake. Thamani yenyewe ni kiasi gani, hakuna aliyejua. Nikampigia simu Bi Wilda Cyr.

Bi Wilda alikuwa na duka la bunduki mjini. Katika bonde letu, mtu akifa, anaitwa padri kwanza, kisha Bi Wilda, aje kuangalia marehemu ameacha bunduki gani nyuma ya mlango. Alikuja Jumamosi mchana, akavua koti, akaomba nisogeze sufuria ya mchuzi wa kuku. Akafungua chemba kuhakikisha haina risasi, akailaza bunduki mezani juu ya taulo, akaigeuza upande huu na upande ule hata Ludger akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

Mzee Onias alikuwa akiwaambia wanawe kwamba ni bunduki ya vita, ilitoka Ulaya. Bi Wilda alisema hapana. Imetengenezwa hapahapa Amerika, kwa ajili ya wawindaji, kabla ya ile vita ya kwanza ya dunia. Akatuonyesha mtutu, ambao kwa unene wake watu wengi huudhani ni wa bunduki ya kuwindia ndege. Unene ule, alisema, ni bomba tu. Mtutu wenyewe umo ndani. Ukifyatua, unarudi nyuma, unatema ganda na kuingiza risasi nyingine wenyewe, wewe kazi yako ni kuvuta kifyatuo tu. Akatusomea aina ya risasi iliyochongwa ubavuni, na namba ya bunduki. Enzi zake, alisema, wakata magogo waliitamani kama wanavyotamani mshahara.

"Mna kitu kizuri," alimalizia.

Neno hilo ndilo lililoharibu mchana wetu. Delphis, ambaye ndiye angelipwa, alivuta kiti karibu. Alieleza kwamba bunduki hiyo ilikuwa ya tajiri mmoja wa Boston, mwenye viwanda, ambaye baba yao alikuwa akimwongoza porini, na siku moja alipomwokoa asizame ziwani tajiri akaivua begani akampa. Nilikuwa nimeolewa katika familia ile miaka arobaini na sijawahi kusikia habari za ziwa.

Ludger, ambaye ndiye angelipa, alicheka kwa pua. Alimwambia Bi Wilda asimsikilize, baba yao aliinunua kwa ndama, tena ndama mgonjwa.

"Baba alikuwa mtu mwema," alisema, "lakini ukweli na yeye walikuwa wakipishana njiani bila kusalimiana."

Bi Wilda akauliza kama kuna picha au kitu chochote cha kumthibitisha huyo tajiri. Hakikuwepo. Akaendelea kuangalia kutu karibu na kifyatuo, na Ludger akamsaidia kuiona kutu zaidi. Alimwonyesha mikwaruzo. Alimwonyesha matundu mawili yaliyotobolewa juu kwa ajili ya darubini, bila kusema aliyetoboa ni nani. Na alipoona Bi Wilda bado ana uso wa kuipenda, akatoa la mwisho.

"Na wala hailengi vizuri, Bi Wilda. Mwaka juzi nilimlenga kulungu amesimama kama ng'ombe, mchana kweupe, nikaja kuona nimetoboa toroli la Adelard."

Adelard ni jirani yetu. Toroli lile lilipopatikana na tundu, Ludger aliniambia ni Delphis aliyelitoboa, na mimi kwa mwaka mzima sikumwalika Delphis kwenye chakula cha Jumapili. Nilimwokea Adelard keki mbili za kuomba radhi kwa niaba ya shemeji yangu.

"Shemeji," Delphis aliniambia taratibu, "mimi nilidhani umenichukia kwa sababu ya ploye."

Nilimwambia Ludger kwamba kulungu hana gurudumu. Nikamwambia kwamba daktari amekwisha kusema ana mtoto wa jicho na apasuliwe, na yeye anasingizia viazi, kisha anasingizia theluji. Kwa hiyo bunduki hiyo hataishika tena mpaka macho yashughulikiwe, na mimi sitatoa senti ya nyumba hii kununulia kitu cha kutobolea majirani.

Basi, akasema Delphis, ikiwa ni hivyo, yeye ndiye atakayeichukua, aitundike sebuleni kwa binti yake, na amlipe kaka yake nusu. Ludger akakubali kwa sauti ya chini. Nikatoka nje kuleta kuni za jiko. Niliporudi, Delphis alikuwa ameinama juu ya bunduki, anatikisa kichwa.

"Kwa kweli, Bi Wilda, ukiiangalia vizuri, imechoka."

"Imechoka?" Ludger aliuliza. "Sasa hivi tu ilikuwa ya tajiri wa Boston."

"Hayo ni maneno ya baba. Na baba unamjua, alikuwa anaongeza chumvi."

Ludger akasimama. Alisema baba yake hakuwahi kutamka uongo, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alimwona huyo tajiri, mwenye masharubu, na aliliona na ziwa. Kuhusu kutu, ni kivuli cha taa. Kuhusu kulenga, inalenga kama macho ya tai, tatizo lilikuwa mlengaji. Delphis akasema ndama mgonjwa alikuwa bei kubwa kwa gofu kama lile. Bi Wilda aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akanywa chai yangu.

Kisha akageuza kitako cha bunduki. Kilikuwa na tabaka: mbao, mpira, mbao tena, na mpira mwingine. Akauliza nani amefanya haya. Ikajulikana kwamba Delphis, ambaye ni mfupi, kila msimu wake alikata kidogo kwa msumeno kitako kimkae begani. Na Ludger, ambaye ana mikono ya kuning'inia, kila msimu wake alikirefusha kwa gundi, mara kwa kipande cha buti la mvua, mara kwa mguu wa kiti changu ambacho nilikuwa nimekitafuta sana.

Bi Wilda akatoa hukumu. Ingeachwa ilivyotoka kiwandani, ingevuka dola elfu. Lakini kwa matundu yale, na kitako kile, ni mia tatu, tena akipatikana mtu mwenye moyo.

Nilidhani wataanza upya. Badala yake walishikamana kama siku ya mazishi. Ludger alisema bunduki ya baba yao haiwezi kuwa mia tatu. Delphis alisema huenda Bi Wilda amezoea bunduki za mjini. Kwa bei hiyo, wakasema wote wawili, hakuna wa kumuuzia mwenzake, ni aibu kwa marehemu.

Mimi nikaiinua. Sijui kwa nini; labda mkono ulikumbuka tu, maana nilipokuwa msichana nilikuwa nikiwinda na baba yangu, mpaka nikaolewa na kupewa mwiko wa kupikia. Nikaiweka begani. Kitako kilikaa pale kama kilichongwa kwa kipimo changu. Bi Wilda akanizunguka, akanisogeza kiwiko, akasema hajaona bunduki ikimkaa mtu vizuri hivi.

Nikapanda chumbani, nikashuka na fedha za mablanketi ninayoshona, nikampa kila ndugu mia na hamsini. Hawakuweza kukataa, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshasema mbele ya shahidi kwamba haifai.

Mwezi wa Novemba, wiki ya pili ya msimu, nilimwangusha kulungu dume mwenye pembe pana nyuma ya kiwanda cha mbao cha zamani. Ludger, jicho moja limefungwa bandeji, alimburuta kwenye theluji akilalamika kwamba natembea haraka. Paja moja tulilifunga vizuri kwenye barafu tukampelekea Delphis kwa gari la binamu aliyekuwa akienda kusini. Alipiga simu jioni ileile. Alisema nyama ni laini, binti yake amefurahi, lakini Konektikati yote hakuna unga wa ngano nyeusi wa ploye, na je, naweza kumtumia gunia.