Dole Gumba Lisilo na Kovu

Mimi sina subira na watu wanaonong'ona mbele ya picha kana kwamba kuna mgonjwa chumbani. Yule mkaguzi wa makumbusho aliingia sebuleni kwangu mikono nyuma, akitembea polepole, na kila alipofika mbele ya picha ya marehemu mume wangu, mchoraji, alitoa pumzi, "Aaah." Nikamwambia, "Baba, sema kwa sauti tu. Mwenye picha keshazikwa, humwamshi." Akacheka kidogo. Binti yangu, kitindamimba wangu, alikuwa anapanga vikombe mezani. Yeye hakucheka.

Makumbusho wanataka kufungua chumba cha picha za Mzee peke yake, na jina lake mlangoni. Lakini hawachukui picha kwa kuambiwa tu. Mkaguzi lazima ajiridhishe kwanza kwamba ni mkono wa Mzee kweli, maana waigaji wamejaa, halafu ajue picha imepita kwa nani na nani tangu ilipotoka chumba cha kazi. Hilo la pili halikunisumbua. Picha ya sokoni, kwa mfano, Mzee alimzawadia daktari, daktari akafariki, mkewe akaturudishia. Mke huyo alitupatia pia picha ya kamera ya harusi ya mwanawe, ambamo ile ya sokoni inaonekana ukutani, nyuma ya keki. Mkaguzi aliifurahia ile keki utadhani harusi ni yake.

Hilo la kwanza ndilo lililonitoa jasho. Picha za mwisho, zile zinazosifiwa kuliko zote, hakuzipaka Mzee. Mikono ilikuwa inamtetemeka hadi kijiko hakifiki mdomoni. Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya kitambaa cheupe analia, mwanamume mzima, nikashindwa kumtazama. Nikamwambia binti yangu, "Mmalizie baba yako." Akammalizia ile moja. Kisha akaanza nyingine toka mwanzo, na nyingine tena, Mzee amekaa pembeni anatazama. Wageni walipokuja wakampongeza Mzee, niliona uso wake umerudi, na mimi ule uso nilikuwa naupenda. Basi nikamfundisha mtoto la kusema. "Ukiulizwa, baba alipaka. Wewe ulikuwa unaosha brashi. Basi."

Mzee amekufa, na ungedhani ningemfungua mtoto. Wapi! Juzi juzi alipeleka picha zake mwenyewe, kwa jina lake, kwenye jumba la maonyesho hapa mjini. Wakamrudishia. Nilipomuuliza wamesemaje, alisema, "Wanasema nina mkono mzuri, ila namwiga baba." Akazipanga picha zake zikitazama ukuta, akaenda kuosha vyombo. Mimi nilikuwa palepale jikoni, nakata kitunguu, na sikufungua mdomo. Nilijiambia nitasema chumba cha Mzee kikishafunguliwa. Mwongo mkubwa mimi.

Sasa mkaguzi akaomba tufunge mapazia. Akawasha taa ndogo, akaishika ubavuni mwa ile picha ya sokoni, mwanga ukaipitia rangi kutoka pembeni hata kila mstari wa brashi ukasimama.

"Mzee alikuwa na mazoea yake," akatueleza, sisi tulioishi naye. "Alikuwa anapima kama rangi imekauka kwa kubonyeza dole gumba kwenye kona ya chini. Na dole lenyewe lina kovu. Hebu oneni."

Kovu hilo nalijua. Nililifunga mimi mwenyewe kwa kanga siku msumeno ulipomkata akitengeneza fremu. Kweli, pale konani palikuwa na alama ya dole pana, na mstari umelipita katikati.

"Mwigaji ataiga rangi," akasema mkaguzi, "lakini alama hii haijui."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amesimama na sahani ya biskuti, hajui aiweke wapi. Alijifunza kazi kwa kumtazama baba yake tangu utotoni, akachukua kila kitu: namna ya kukunja mikono ya shati, namna ya kuuma mdomo akiwaza, na lile dole la kona ya chini. Alidhani ndivyo picha inavyomalizwa.

Mkaguzi akafika kwenye "Mashuka". Ni kamba ya nguo, mashuka yamepigwa na upepo, na nyuma yake kuna mwanamke anayeonekana miguu tu. Hiyo miguu ni yangu. Mkaguzi alisahau kunong'ona. "Hapa ndipo Mzee alipofika kileleni! Hakuwahi kuupaka upepo namna hii, hata ujanani." Kisha akaleta taa kwenye kona. Akainama. Akatoa lenzi mfukoni, akainama tena.

"Hili si dole la Mzee. Ni dogo, na halina kovu." Akaenda kwenye picha ya jirani yake. "Na hili pia." Akatugeukia, uso umemshuka. "Mama, picha hizi alizishika nani zikiwa mbichi?"

Neno moja tu lingetosha. Lakini nikakifikiria kile chumba, na jina la mume wangu mlangoni, na watu watakavyomwita tapeli naye hayupo kujitetea. Nikanyoosha kitambaa cha meza.

"Mimi," akasema binti yangu. "Nilikuwa nazitoa nje zikauke. Niligusa."

"Zote?"

"Nina haraka sana mimi."

Mkaguzi akashusha pumzi, akacheka kwa nguvu. "Binti mharibifu wewe! Umenitia presha bure." Akaanza kuandika huku anajisomea: "Kasoro ndogo konani. Imeguswa na mwanafamilia kabla ya kukauka." Alama pekee ya mwanangu kwenye kazi yake yote, na ikaandikwa kasoro mbele ya macho yangu. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Msijali," mkaguzi akaendelea. "Tuna fundi wetu, ataziba pale, haitaonekana kabisa."

"Naweza kuziba mwenyewe," binti yangu akasema taratibu. "Rangi zilezile bado ninazo."

"La, la, la! Usiguse tena, binti. Hii ni kazi ya watu wanaojua."

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Ni yake!" Nilipiga kelele hadi vikombe vikalia. "Picha hiyo ni yake! Kaipaka yeye, na ile, na zile kule! Mume wangu alikuwa hawezi hata kujifunga kifungo!"

Mkaguzi hakunicheka. Alimgeukia binti yangu, akazima taa yake, akauliza kwa upole, "Ni kweli anayosema mama?" Na alikuwa anauliza kweli. Angejibiwa ndiyo, angeamini, nililiona hilo usoni mwake.

Nikamwomba mwanangu kwa macho: sema, mama, sema. Alinitazama. Kama ningemwona ana hasira, ningeshukuru. Akaiweka sahani mezani, akaisogeza isiwe ukingoni.

"Mama hajapata usingizi tangu msiba," akasema. "Baba alipaka. Mimi nilikuwa naosha brashi."

Neno kwa neno, kama nilivyomfundisha.

Mkaguzi akanipa pole, akafunga kalamu yake. Akaomba asaidiwe kupeleka "Mashuka" kwenye gari. Binti yangu akakunja mikono ya shati, akashika upande wa pili, vidole vyote nyuma ya fremu, asije akagusa rangi. Mimi nikawafungulia mlango.