Chablis na Kiapo cha Kwamboka

Haya, wewe unayesoma, tegua hiki: nyumba yangu iko mbali na bahari, lakini sakafu yake ni chaza watupu.

Umeshindwa? Nipe mji. Ni shamba la zabibu la Chablis, huko Ufaransa, panapotoka mvinyo wa jina hilo.

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilikuja Doha kumlelea mjukuu wangu Kwamboka mtoto wake, na humu chumbani mwake, mtaa wa Abu Hamour, nimesoma habari za mvinyo kuliko nilivyosoma darasani. Kwamboka hubeba trei hotelini, zamu mbili kwa siku. Akirudi, miguu imevimba hata viatu vinagoma kutoka. Akifaulu mtihani wa mvinyo, atahudumu meza chache, zamu moja. Shida ni kwamba sisi ni Wasabato. Siku ya ubatizo aliapa mbele yangu kwamba pombe haitapita kooni mwake.

Basi tukasoma tu. Mimi nashika karatasi na kuuliza, yeye anajibu amefumba macho: kwamba zamani pale palikuwa bahari, ikakauka, chaza wakageuka mawe, kwamba baridi kali ikitishia machipukizi, wakulima huwasha moto katikati ya mizabibu. Ladha ndiyo iliyotushinda. Karatasi ilisema chokaa na ndimu. Nikatoa odowa, yale mawe laini wanayotafuna wajawazito kwetu, niliyomletea nilipokuja, yeye akiwa bado na mimba, nikampa na kipande cha ndimu.

Akatafuna. "Nyanya, kumbe wazungu wanalipia odowa?"

"Na wewe ukawauzie."

Kisha nikamuuliza: siku ya mtihani wakikuwekea glasi ya mvinyo je? Akasema waonjaji hutema kwenye ndoo. Nikamwambia sijaulizia ndoo. Usingizi ulikuwa umeshamchukua, karatasi kifuani.

Jumatatu alirudi kutoka mtihanini, akaketi kitandani na sare yake. Alisema amefaulu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Msimamizi wa mtihani alifurahia mno hadithi ya mawe ya wajawazito, akaiandika. Nikapiga magoti nikamvua viatu, kimoja kimoja. Nikamwambia mimi si mchungaji wala simhukumu, ila nataka kujua: ile glasi je?

Mtoto akalia. Nikambeba mpaka akanyamaza, na Kwamboka bado anatazama ukuta.

"Niliionja, Nyanya," akasema. "Wenzangu walitema. Mimi nilikuwa nimechoka, hata kutema kulinishinda. Nikameza."