Glavu Kumi na Nane za Karatasi

Kwa mapambo ya darasa lake, Marlys Torvik hakutaka kuambiwa neno na mtu. Alikuwa amefundisha darasa la pili miaka ishirini na miwili katika mji ule mdogo wa Dakota Kaskazini, na kila Januari chumba chake kilipendeza kuliko vyote. Dirisha lilifunikwa lote na nyota za theluji za karatasi, zimebanana hata nje hakuonekani. Kando ya mlango ilining'inia kamba ya glavu za karatasi, moja kwa kila mtoto, nyekundu upande huu na buluu upande wa pili. Ukitoka unageuza nyekundu, ukirudi unageuza buluu. Mwalimu akitupa jicho moja tu, anajua nani yuko ndani. Wenzake walimwiga, naye akajifanya hajali.

Siku hiyo wazazi walitazamiwa saa nane. Huko nje, kwenye uzio wa wavu, watoto walikuwa wametundika mapambo ya barafu, maji yaliyogandishwa kwenye sahani za kuokea pamoja na matunda mekundu na vijitawi vya msonobari. Saa sita mbingu ilianza kubadilika, Marlys akawatoa wakayachukue haraka. Akatania kwamba atakayeacha pambo lake nje, mama yake atakuja kutazama ukuta mtupu.

Upepo wa theluji ukawakuta uwanjani. Akapiga filimbi, wakarudi mbio, wengine mikono mitupu, wakarundikana mlangoni na mabuti yao. Marlys akaitazama kamba. Buluu tupu. Akafunga mlango.

Akamimina chokoleti ya moto, vikombe kumi na vinane. Kimoja kikabaki mezani.

Akauliza nani hajachukua. Akaitazama tena kamba, kisha akaviangalia viti, na cha Solveig Brandt hakikuwa na mtu. Akakimbia chooni, hayupo. Aliporudi alimkuta Verna, rafiki yake Solveig, analia kimyakimya.

"Nilimgeuzia mimi glavu, mwalimu," alisema Verna. "Alisema anarudi sasa hivi."

 Marlys akalivamia dirisha, akazichana zile nyota mkono baada ya mkono, karatasi zikamwangukia miguuni. Nyuma ya kioo kulikuwa na weupe mtupu. Uzio ulikuwa hatua arobaini tu, lakini hata ngazi za mlangoni hazikuonekana. Alipokuwa mdogo, baba yake alifunga kamba kutoka nyumbani hadi zizini kila majira ya baridi, asipotee kwenye theluji. Jirani yao hakufunga. Theluji ilipoyeyuka walimkuta hatua kumi kutoka mlangoni pake.

Akachukua bonge kubwa la uzi mwekundu wa sufu kwenye sanduku la kazi za mikono, akafunga ncha kwenye kitasa cha mlango wa nje. Ostby, mwalimu wa darasa la jirani, alikuwa ameshaitwa aje kuwaangalia watoto.

"Nimepiga simu, watu wanakuja. Wasubiri basi, Marlys."

"Wakifika atakuwa ameshaganda, bwana. Shika watoto."

Nje upepo ulimkata pumzi. Alitembea ameinama, akihesabu hatua kwa sauti asiyoisikia mwenyewe, uzi ukimtoka mkononi. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Kwenye hatua ya arobaini hakukuta kitu. Arobaini na tano, hakuna. Alishaanza kuamini kuwa ameupita uzio akielekea mashambani, mara paji la uso likagonga wavu.

Uzi ulikuwa umebaki kipande. Akaufunga palepale, akaufuata uzio kwa mikono, akipapasa barafu moja, nyingine, nyingine. Akamwita Solveig mpaka koo likauma. Penye kona mguu wake ukagusa kitu laini.

Mtoto alikuwa amechutama, kofia imejaa theluji, amekumbatia pambo lake kifuani. Glavu zake za kweli alikuwa amezivua ili afungue fundo la pambo.

"Sikuliacha, mwalimu," alisema, midomo haitii. "Mama ataliona."

 Marlys akamtia ndani ya koti lake, akaufuata uzio mpaka kwenye fundo, kisha uzi mpaka mlangoni.

Muuguzi alisema vidole vitapona. Barabara zilifungwa, na hakuna mzazi aliyefika saa nane. Barafu ya Solveig ikayeyuka kwenye sinki, yakabaki matunda matatu na kijitawi.

Marlys akaishusha kamba ya glavu, akaitupa kwenye pipa. Kisha akapita kiti kwa kiti akimshika kila mtoto kichwani, akihesabu. Wengine walicheka, wakidhani ni mchezo. Akafika kumi na nane, mkono wake ukiwa juu ya nywele mbichi za Solveig, akaanza upya.